Jembe la Mama na Hesabu ya Kijiji

Yamo maneno katika Azimio la Arusha la mwaka 1967 ambayo wengi huyapita haraka. Azimio lilikiri kwamba wanawake wa vijijini hufanya kazi kuliko watu wengine wote nchini, pengine saa 12 au 14 kwa siku, hata Dominika na sikukuu. Na kwamba nguvu za wanaume wengi wa vijijini hupotea katika ngoma, pombe na mazungumzo. Basi chama cha siasa kiliungama hadharani jambo ambalo sisi mapadre tulikuwa tumeliona miaka mingi tukanyamaza.

Wako waliouita ujamaa ule ukomunisti. Si haki. Serikali ya Mwalimu Nyerere haikumkana Mungu, na yeye mwenyewe alikuwa Mkatoliki wa kwenda Misa. Kanisa leo humwita Mtumishi wa Mungu. Tunalouliza sisi ni jingine: mzigo huo uliokiriwa, je, ulipungua?

Watu wa Rondo na nchi yote ya Lindi wanalo jibu. Kati ya mwaka 1973 na 1976 taifa zima liliamriwa kuhamia vijijini, na huku kusini wengi walikwisha kuhamishwa mapema kwa sababu ya vita vya Msumbiji. Shule na zahanati zilisogea karibu, nasi twashukuru. Lakini nyumba zilihama, mikorosho haikuhama. Mashamba ya zamani yakawa mbali, na njia hiyo ndefu aliitembea nani alfajiri, mtoto mgongoni na jembe begani? Mikorosho mingi ikaachwa ikamezwa na msitu. Nchi iliyovuna zaidi ya tani 140,000 za korosho msimu wa 1973/74 haikufikisha tani 20,000 msimu wa 1986/87, ingawa bei mbaya nazo zilichangia.

Tena kulikuwa na shamba la kijiji, ambako siku za kazi ziliandikwa daftarini. Kuteka maji, kutwanga, kuokota kuni na kukesha na mgonjwa havikuwa na daftari. Katika vijiji vingine hata jasho la shambani mama alilimwaga yeye, malipo akapokea mumewe.

Mahakimu walitutangulia. Katika rufani ya mwaka 1983, Mahakama ya Rufani ya Tanzania, ikiifasiri Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, ilitamka kwamba kazi za nyumbani za mke nazo ni mchango katika kuipata mali ya ndoa. Naye Baba Mtakatifu Yohane Paulo II, katika barua yake juu ya kazi ya mwaka 1981, alidai jamii iithamini taabu ya mama wa nyumbani.

Na sisi je? Tunahubiri Dominika ni siku ya kupumzika, kisha twarudi nyumbani kula ugali. Nani aliutwanga mtama wake? (Mhariri naye ni mwana wa mama mkulima, wala hakuwahi kumwuliza.)

Katika mafundisho ya ndoa bwana arusi huulizwa juu ya sala, juu ya mahari, juu ya kizuizi cha undugu. Tunawaomba makatekista wa Rondo wamwongezee swali moja, mchumba wake akisikia: nyumbani kwenu, maji atateka nani?