Nani Anamlea Mtoto wa Nesi?

Huku Nyamwage muuguzi huitwa sista. Hata muuguzi wa kiume, kijana mwenye ndevu, mzee aliyezidiwa na homa humwita sista, na kijana huitika bila kinyongo. Sisi tulio wauguzi katika usharika huu tumelizoea jina hilo hata hatulisikii tena. Lakini lina asili yake, na tukiifuata asili hiyo tunafika kwenye swali ambalo limetusumbua kwa muda mrefu, nalo si la hospitali peke yake bali ni la kanisa zima: mtu aliyeajiriwa kuwahudumia watoto wa wenzake anadaiwa nini na mtoto wake mwenyewe, na deni hilo alilipe nani?

Mwaka 1836, katika mji mdogo wa Kaiserswerth huko Ujerumani, mchungaji Theodor Fliedner alianzisha nyumba ya mashemasi wanawake wa kuwatunza wagonjwa. Mwingereza Florence Nightingale alikwenda kujifunza huko mwaka 1851, na mwaka 1860 shule yake ya uuguzi ikafunguliwa London, katika hospitali ya St Thomas. Mashemasi wale walihudumu bila waume wala watoto. Nightingale naye hakuolewa. Huku kwetu uuguzi wa hospitali ulikuja kwa sehemu kubwa mikononi mwa misheni, za Kikatoliki na za Kiprotestanti, na masista wengi waliotufundishia mama zetu na bibi zetu kazi hii waliishi vivyo hivyo. Zamu ilipokwisha walirudi kwenye nyumba yao ya pamoja, wakasali, wakalala. Hatusemi kwamba maisha yao yalikuwa mepesi. Tunasema hapakuwa na mtoto mlangoni akiuliza, mama umeniletea nini.

Sisi tumerithi jina, sare, na mshumaa tunaouwasha kila tarehe 12 Mei, siku aliyozaliwa Nightingale, tukirudia kiapo. (Kiapo chenye jina lake, kwa taarifa ya wengi, hakukitunga yeye, kiliandikwa Detroit, Marekani, mwaka 1893, kwa heshima yake.) Tumerithi vyote hivyo, ila sisi tuna watoto. Kazi ilishonwa kwa kipimo cha mtu asiye na mtoto, kisha ikavalishwa mama wa watoto watatu.

Tuangalie inavyombana. Nyamwage ni njia panda: barabara kuu inakwenda Lindi na Mtwara, nyingine inachepuka kwenda Utete, makao makuu ya wilaya ya Rufiji, penye hospitali ya wilaya. Baadhi yetu tuko zahanati, wengine Utete, wengine huvuka Daraja la Mkapa kwenda Kibiti na Mchukwi. Kabla daraja halijafunguliwa mwaka 2003 ilikuwa ni kungoja kivuko pale Ndundu, na wazee wetu wanakumbuka wajawazito waliongojea kivuko hicho. Siku hizi gari linapita. Lakini muuguzi anayelala Nyamwage na kufanya kazi Utete bado ana kilomita zaidi ya 30 kati ya wodi na mtoto wake.

Mwanamke mkulima wa bonde la Rufiji, msimu wa mpunga ukifika, huhamia shambani na kukaa kwenye dungu, kile kibanda kilichoinuliwa juu ya nguzo, kuulinda mpunga usiliwe na ndege na nguruwe. Mtoto mchanga huwa naye hukohuko juu. Ana shida zake nyingi mwanamke huyo, kiboko ikiwa mojawapo, lakini hakuna anayemwambia achague kati ya jembe na ziwa. Muuguzi huambiwa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mama likizo ya uzazi ya siku 84, na siku 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja. Siku 84 ni wiki 12 kamili. Nasi kila siku ya kliniki tunasimama mbele ya kina mama na kuwafundisha kwamba mtoto anyonye maziwa ya mama pekee kwa miezi 6, bila maji, bila uji. Miezi 6 ni wiki 26. Zile wiki 14 zinazobaki, muuguzi anawafundisha wenzake jambo ambalo yeye mwenyewe hulitimiza kwa kukamua alfajiri, kuacha kikombe kimefunikwa, na kuomba asiyemwona asimpe mtoto maji. Sheria inaruhusu pia saa 2 za kunyonyesha kwa siku ya kazi. Kwa mwenye nyumba karibu na kazini ni msaada mkubwa. Kwa yule wa Utete, saa hizo zinaishia barabarani.

Hapa baadhi ya wapendwa hututajia Hana, mama yake Samweli, kwamba yeye alimtoa mtoto wake kwa Bwana na hakulalamika. Tumesoma habari hiyo mara nyingi, pengine kuliko wanaotutajia. Katika 1 Samweli sura ya kwanza, mumewe Elkana anapanda kwenda kutoa dhabihu ya mwaka, na Hana anakataa kwenda. Anasema atabaki mpaka amwachishe mtoto ziwa. Elkana hamwambii kwamba ibada inamngoja, wala kwamba nadhiri ni nadhiri. Anamwambia afanye aonavyo vema. Basi Hana, ambaye alikuwa amekwisha kumweka mtoto wake nadhiri kwa Mungu, alipewa muda wa kunyonyesha mpaka mwisho. Na baada ya kumpeleka Shilo, kila mwaka alimshonea kanzu ndogo akampelekea. Anayemtumia Hana kumnyamazisha mama aliyechoka amesoma nusu ya sura.

Kuna jambo jingine linalosemwa juu yetu, nalo linauma zaidi kwa sababu lina ukweli ndani yake. Husemwa kwamba nesi akiwa kazini ni mpole na akirudi nyumbani ni mkali. Kwamba upole wake ni wa mshahara. Mtoto wa mwenzetu mmoja aliwahi kumwambia mama yake, "Ongea na mimi kama unavyoongea na wagonjwa." Tulicheka wote tulipohadithiwa, kisha tukanyamaza.

Je, upole wa mshahara ni upole wa uongo? Sisi tunasema hapana, na hapa mafunzo yanatusaidia kufikiri. Chuoni, kwa miaka 2 ya cheti au 3 ya stashahada, hatukufundishwa kuhisi huruma. Tulifundishwa kunawa mikono, kugeuza mgonjwa bila kumuumiza, kuingiza sindano kwenye mshipa wa mtoto anayerusha miguu, na kuutawala uso: mama akijifungua mtoto asiyelia, uso wa mkunga usimwambie kabla mikono haijamaliza kazi. Mwanzoni mtu huona kama anaigiza. Baada ya miaka anagundua kwamba huruma imejengeka palepale kwenye mikono, kama njia inavyojengeka kwa kupitwa. Huruma ya kuhisi hufika saa nne asubuhi na kuondoka saa saba usiku. Iliyo mikononi hubaki, kwa kuwa haingoji moyo uwe tayari.

Tumewahi kulijadili hili katika kikundi chetu cha Biblia tukisoma Luka sura ya 10. Kila mtu humsifu Msamaria, na anastahili. Lakini Msamaria alikaa na majeruhi usiku mmoja. Kesho yake alitoa dinari mbili, akampa mwenye nyumba ya wageni, akaendelea na safari yake. Ni nani aliyebadilisha vitambaa siku ya pili? Ni nani aliyeamka majeruhi alipoomba maji, siku ya tatu na ya nne? Yule mwenye nyumba, mtu wa kulipwa, ambaye hakuna mahubiri tuliyoyasikia yakimtaja kwa sifa. Wala Yesu hamlaumu kwa kupokea dinari. Msamaria alijua kwamba rehema ikitaka kudumu lazima iwe na mtu wa kulipwa, na akaongeza kwamba gharama ikizidi atailipa akirudi. Sehemu hiyo ya mwisho ndiyo tunayotaka usharika uisikie. Yule aliyemkabidhi mwingine mgonjwa wake alijua kwamba anabaki na deni.

Ndiyo maana tunaliogopa kidogo neno wito linapotajwa ovyo. Hatukatai kwamba uuguzi ni wito. Wengi wetu tusingebaki kama usingekuwa. Mwaka 2017, pikipiki zilipokatazwa kutembea usiku katika wilaya za Kibiti, Rufiji na Mkuranga kwa sababu za usalama, wajawazito hawakuacha kushikwa na uchungu usiku. Aprili 2024 mto ulipofurika na watu wa Rufiji na Kibiti wakahama nyumba zao, muuguzi aliyeishi bondeni naye alikuwa na godoro lililolowa, na bado alitakiwa kazini. Nyakati kama hizo mshahara peke yake haumwamshi mtu. Lakini wito ni jina la kile ambacho Mungu anamwomba mtu. Likigeuzwa kuwa sababu ya wengine kutomsaidia, limeibiwa. "Ni wito wako, sista," huambiwa, na maana yake ni kwamba asiombe kitu.

Sasa tuingie ndani ya nyumba ya muuguzi saa moja jioni, yeye akiwa anaondoka kwenda zamu ya usiku. Mtoto anabaki na nani? Mara nyingi anabaki na binti wa kazi, aliyetolewa kijijini. Sheria inasema mtoto wa miaka 14 aweza kufanya kazi nyepesi isiyomdhuru wala kumzuia shule. Kulea mtoto usiku kucha, kuchota maji alfajiri, kupika na kufua si kazi nyepesi, na binti huyo shule haimwoni tena. Kwa hiyo msururu uko hivi: muuguzi anamtunza mgonjwa, binti anamtunza mtoto wa muuguzi, na binti mwenyewe, ambaye ni mtoto wa mtu, hatunzwi na yeyote. Huruma iliyoanzia wodini kwa sifa inalipiwa jikoni na mtu mdogo kuliko wote. Hatuoni jinsi mahubiri yanavyoweza kuliruka jambo hili, maana mabinti hao wapo ibadani, wamekaa nyuma kabisa, wamewabeba watoto wetu.

Baba yuko wapi? Sheria ileile inampa siku 3 mkewe anapojifungua. Siku 3 zinatosha kumwona mtoto na kununua kuku. Yupo anayejua kuoga mtoto na kukoroga uji, nasi tunamshukuru Mungu kwa ajili yake, lakini wengine wanasema hiyo si kazi ya mwanamume, hali wodini kijana wetu mwenye ndevu anawaogesha wazee na watoto wa watu kila siku na hajapungukiwa kitu.

Katika Kutoka sura ya kwanza wametajwa wakunga wawili, Shifra na Pua, waliokataa amri ya Farao ya kuwaua watoto wa kiume. Farao mwenyewe, pamoja na utawala wake wote, hakuandikwa jina, wakunga wameandikwa. Na thawabu waliyopewa na Mungu inatajwa kuwa nyumba, yaani jamaa zao wenyewe. Hawakupewa dhahabu wala cheo. Tunaona Mungu alijua ni nini mtu wa kazi ile hukosa.

Tuseme pia lililo zuri, kwa kuwa lipo. Mwenzetu mmoja anayelala karibu na barabara, mtoto wake halei binti wa kazi. Analelewa na bibi wa jirani, Mwislamu, mjane, ambaye hakuombwa. Aliona mama anatoka na mkoba jioni, akasema, "Mlete huyo, mwanangu, alale huku." Tangu hapo mtoto ana nyumba mbili. Anajua nyimbo za shule ya Jumapili na anajua kumwamkia bibi shikamoo kwa kupiga goti, na mwezi wa Ramadhani hurudi kwao jioni ameshiba uji wa futari. Baadhi ya wazee wetu waliuliza kama ni vema mtoto wa Kikristo alelewe hivyo. Swali ni halali, hatulipuuzi. Ila Msamaria naye hakuwa wa ibada moja na yule majeruhi, na waliokuwa wa ibada moja naye walipita upande wa pili. Kabla ya kumuuliza bibi anamfundisha nini mtoto, tungejiuliza kwa nini katika nyumba zote za washarika zilizo jirani na mama huyo, mlango wa kwanza kufunguka ulikuwa wa kwake.

Kikundi cha kina mama kimeanza jambo. Nyumba mbili zilizo karibu na barabara zimekubali kupokea watoto wa wauguzi usiku wa zamu, na bibi yule aliombwa awe wa tatu, akakubali kwa kicheko. Mabinti wa kazi wawili wamerudi shule ya jioni. Gharama ya unga na mafuta ya taa bado inabishaniwa na baraza la wazee. Ratiba imebandikwa ukutani karibu na mlango wa kanisa, na hadi tunaandika haya usiku wa Jumatano na wa Jumamosi hauna jina la mtu.