Jembe na Shamba

Wahenga walisema kwamba mchagua jembe si mkulima. Kwa neno hili hukemewa kijana anayedharau kazi ya mikono. Ni neno la haki. Lakini wewe msomaji, lipime kwanza, usije ukadhani kuwa kila jasho ni jema.

Katika karne ya 18, huko Maryland, Marekani, walikuwako watawa wa Kijesuiti wasio mapadre, waitwao mabruda. Hawakuongoza misa. Walikuwa maseremala, washoni, wapishi na wasimamizi wa mashamba, na kazi kwao ilikuwa namna ya sala. Lakini mashamba yale yalilimwa na watumwa. Mwaka 1838 Wajesuiti wa Maryland waliuza watu wapatao 270 ili kulipa madeni. Bidii haikuwa imekosekana. Kilichokosekana ni haki.

Sasa tazama pwani yetu. Malindi na Takaungu nazo zilikuwa na mashamba yaliyolimwa na watumwa. Mwaka 1864 alifika William Jones, aliyetekwa utumwani utotoni, akaachiliwa huru, akalelewa India na kufundishwa uhunzi. Huko Rabai, katika Kilifi ya leo, alitumika kama mwalimu. Ushemasi hakuupata ila mwaka 1885. Watumwa watoro walipokimbilia kwake, aliwahifadhi, ingawa mabwana wao walinung'unika na wakubwa wa misheni waliogopa fitina. Tarehe 1 Januari 1889, baada ya mabwana kukubaliwa fidia, watoro zaidi ya 1,400 wa vituo vya misheni, Rabai kikiwa kimojawapo, walipewa hati za uhuru.

Yamkini utasema: bruda alitii wakubwa wake, na utii ni wema. Naam, lakini Jones naye alikuwa na wakubwa. Utii hutuondolea kiburi, hautuondolei dhamiri. Wote wawili walikuwa watu wa kazi na wa dini. Mmoja aliridhika kuifanya kazi vyema. Mwingine aliuliza pia ni nani anayeumia.

Basi kesho ukiwa mhunzi, mwalimu, mpishi au karani, usione haya. Ila jiulize: kazi yangu inamwinua nani, na inamkanyaga nani? Jembe usilichague. Shamba, lichague.