Mahindi Yaliyodumaa

Jumanne alfajiri nilikuwa kwenye mahindi ya mbegu ya skimu ya umwagiliaji ya Bura, kabla jua halijawa kali. Akina mama walikuwa wanang'oa mbelewele. Bua unalishika kwa mkono mmoja, kwa wa pili unaivuta mbelewele kwenda juu. Inachomoka kwa mlio mdogo, kama kidole kikialika. Zinazong'olewa ni za safu za jike tu, ili chavua itoke kwa dume peke yake. Zikisahauliwa, jike litajichavusha lenyewe, na mkaguzi wa mbegu kutoka KEPHIS akizikuta nyingi analikataa shamba.

Kilichonishangaza ni wazazi wenyewe, hayo mahindi jike na dume. Jike lilinifika kifuani, majani membamba, hindi lenyewe dogo. Nikamwambia mmoja wa akina mama, "Mama, hapa mmedanganywa." Akacheka mpaka akashika kiuno.

"Pasta, haya yamezalishwa yenyewe kwa yenyewe vizazi vingi, ndiyo maana yamedumaa. Ngoja uone mtoto wao."

Ni kweli. Wazazi wakiwa wa koo mbalimbali, udhaifu wa huyu hufunikwa na nguvu ya yule, na mtoto huwapita wote wawili. Lakini ukichukua punje za huyo mtoto mrefu ukazipanda, msimu unaofuata shambani ni marefu kwa mafupi, na mavuno yanashuka. Nami nilijaribu mwaka mmoja kwa kukwepa bei ya mbegu. Mke wangu hajaacha kunikumbusha.

Nikamkumbuka nabii Samweli nyumbani kwa Yese, alipokwenda kumpaka mafuta mfalme mpya. Alipomwona Eliabu na kimo chake, moyoni akasema ndiye huyu. Wakapita wana saba, na hakuna aliyekuwa ameona haja ya kumwita Daudi, yule wa malishoni. (Wafugaji wa Chewele mnajua ni kijana gani huachiwa mifugo siku ya wageni.) Mimi simshangai Daudi, namshangaa Samweli. Ndiye aliyempaka mafuta Sauli, aliyewapita Waisraeli wote kuanzia mabegani, na akalia alipoharibika. Na bado, pembe ya mafuta mkononi, nabii mzee anatafuta tena mrefu. Punje zilezile za msimu uliopita.

Jumapili ijayo tunachagua mzee mpya wa kanisa. Majina niliyoletewa mpaka jana jioni ni saba.