Hitilafu Isiyojionyesha



Mtu akilaumiwa kwa kosa ambalo mlaumu hakulichunguza, je, ametendewa haki? Swali hili nimeletewa na gari langu kuukuu.

Gari hilo lilikuwa na tabia ya kugoma kuwaka. Mpwa wangu, ambaye ndiye dereva, akigeuza ufunguo husikia "tak" tu. Baada ya kitambo huwaka kama kawaida. Tukilifikisha gereji, ni zima. Fundi wa kwanza aliipima betri, akakuta volti 12.6, yaani imejaa. Akasema, basi ni stata. Akabadilisha stata, halikupona. Akabadilisha na betri, halikupona. Fedha ya pensheni ikaniishia, nami nikamwambia mpwa wangu mbele ya mama yake: "Wewe ndiwe unayeliharibu."

Fundi wa pili hakushika spana kwanza. Aliuliza, "Mwalimu, hugoma wakati gani?" Sikujua. Mpwa wangu alijua: injini ikishapata moto, baada ya barabara mbovu. Fundi akasema, "Basi twende huko huko." Likagoma mbele yake. Akaweka ncha moja ya mita kwenye kichwa hasi cha betri, nyingine kwenye chuma cha injini, akamwambia kijana ageuze ufunguo. Mita haikupasa kuzidi nusu volti. Ilionyesha zaidi ya 3. Waya uendao kwenye injini ulikuwa na kutu chini ya bolti yake. Akasugua kwa msasa, akakaza, kazi ikaisha.

Alinieleza kwamba waya mbovu huonekana mzima usipobeba mzigo. Taa ndogo itawaka vizuri. Lakini stata huvuta zaidi ya ampea 100, na hapo ndipo ubovu hutokea.

Je, fundi wa kwanza alikuwa mwongo? Sidhani. Lakini alikisia kwa fedha yangu bila kuniambia kwamba anakisia. Nami nilikisia kwa jina jema la mpwa wangu, wala sikumwuliza hata neno moja. Kusema "bado sijaiona" si aibu kwa fundi, wala kwa mwalimu, wala kwa mzee wa nyumba.

Nilimwomba kijana radhi, tena mbele ya mama yake, kwa kuwa ndipo nilipomlaumu.