Geti la Mgeni

Nilikuwa balozi miaka kumi na tisa. Usicheke, mjukuu wangu. Balozi wa nyumba kumi, hapahapa Ikungi, mwenye daftari moja la mistari na kalamu iliyofungwa uzi ili watoto wasiondoke nayo. Wewe Jumatatu unapanda basi kwenda Dar es Salaam kulinda geti la mabalozi wa namna nyingine, wale wenye bendera kwenye gari. Na jana jioni, tukipepeta alizeti, nilikusikia ukimwambia binamu yako: "Mimi nafuata mshahara tu. Wazungu yakiwafika, yao."

Sikukujibu. Vumbi la alizeti lilikuwa limenikaba, na kifua hiki si kile cha zamani. Leo upepo umetulia. Vuta kigoda.

Unauona huu mlango? Hizi alama tatu umezipita tangu ukiwa mtoto. Si mchwa, ni panga. Mwaka mmoja nilitumwa kukusanya mchango wa darasa. Kiwango hakikupangwa na mimi, na kusema kweli hata mimi nilikiona kikubwa. Kijana mmoja akaja usiku, amelewa, akaukata mlango huku bibi yako akiwa ndani na mtoto mgongoni. Wazee walipomweka kitako kesho yake, hawakumuuliza kama mchango ni mkubwa. Walimuuliza aliyetumwa amekosa nini. Mjumbe hauawi, hilo hata mtoto wa kuchunga mbuzi analijua. Wanangu walitaka kumvunja miguu, wazee wakakataa. Akatozwa mbuzi, yakaisha.

Hilo ndilo mataifa yaliloliandika Vienna mwaka 1961, mwaka uleule Tanganyika ilipopata uhuru. Ibara ya 22 ya mkataba ule inasema nyumba ya ubalozi haiingiliwi. Hata polisi wetu hawaingii bila ruhusa ya mkuu wa ubalozi. Kisha inaongeza kwamba serikali mwenyeji ina wajibu maalumu wa kuchukua kila hatua inayofaa kuilinda isivamiwe wala kuharibiwa. Ibara ya 29 inasema hivyo hivyo juu ya mwili wa mwanadiplomasia mwenyewe. Lishike hilo neno mwenyeji. Mwenyeji ni sisi. Mabalozi wetu nao wanalala ugenini, chini ya karatasi hiyohiyo.

Karatasi haikutosha. Machi 1973, hapo Khartoum, watu wenye silaha waliingia kwenye karamu katika ubalozi wa Saudia, wakawaua wanadiplomasia watatu, Wamarekani wawili na Mbelgiji mmoja. Wakati huo wanadiplomasia walikuwa wakitekwa na kuuawa nchi nyingi, na Desemba ya mwaka ule Umoja wa Mataifa ukapitisha mkataba mwingine. Huo unazitaka nchi zilizouridhia zimshtaki zenyewe mtu aliyemdhuru mjumbe, au zimkabidhi kwa nchi itakayomshtaki. Pa kujificha pasiwepo. Na Wairani walipowateka watu wa ubalozi wa Marekani Tehran mwaka 1979, Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliiambia serikali yao mwaka uliofuata kwamba hata kule kukaa tu bila kuzuia lilikuwa kosa lake yenyewe.

Sasa njoo nyumbani. Ijumaa, Agosti 7, 1998, baada ya saa nne na nusu asubuhi. Wewe hukuwa umezaliwa. Lori lenye bomu lilifika ubalozi wa Marekani, Barabara ya Laibon, Oysterbay. Likakuta gari la maji limeziba njia. Gari la maji tu, la kila siku. Bomu likalipuka hapo nje, halikufika lilikotakiwa. Walikufa watu 11, dereva wa gari la maji akiwa mmojawao. Na hapa nataka unisikilize vizuri, wewe unayesema yao: katika hao 11, Mmarekani hakuwepo hata mmoja.

Nairobi ilikuwa vibaya zaidi, dakika zilezile. Lori lilifika geti la nyuma la ubalozi wa Marekani wa huko, waliokuwamo wakamwamuru mlinzi afungue kizuizi. Alikataa. Hakuwa na bunduki, alikuwa na kukataa kwake tu. Wakarusha guruneti, watu wa maofisi ya jirani wakasikia kishindo, wakakimbilia madirishani kuchungulia. Ndipo bomu kubwa likalipuka, na vioo vikawaingia machoni. Jengo la Ufundi, lililokuwa jirani, likaanguka lote. Waliokufa ni 213, na Wamarekani kati yao 12. Waliojeruhiwa ni maelfu, wengine hawaoni mpaka leo.

Mmoja wa waliohukumiwa ni Khalfan Khamis Mohamed, kijana wa Zanzibar. Alipanga nyumba Ilala, na humo bomu la Dar es Salaam likaandaliwa. Mimi niliyekuwa balozi wa nyumba kumi, habari hiyo ya nyumba ya kupanga ndiyo iliyoninyima usingizi kuliko zote. Alikamatwa Cape Town mwaka 1999, akapelekwa New York, na mwaka 2001 akahukumiwa kifungo cha maisha. Lakini mwaka huohuo Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini ilisema serikali yake ilikosea kumtoa bila kwanza kupewa ahadi kwamba hatauawa. Niliposikia nilikasirika. Nikaja nikaukumbuka mlango wangu, na wazee waliowazuia wanangu, nikanyamaza.

Usidhani ni mambo ya zamani. Agosti 25, 2021, mtu mwenye bunduki aliua askari polisi watatu na mlinzi wa kampuni binafsi karibu na ubalozi wa Ufaransa, Dar es Salaam, kabla naye hajapigwa risasi. Mlinzi wa kampuni, mjukuu wangu. Sare kama hiyo uliyoikunja kwenye begi.

Basi mshahara ufuate, sina ugomvi nao, na bibi yako umtumie chochote. Serikali ya mgeni ikikuudhi, iseme, andika, piga kelele barabarani, hiyo haki unayo. Mlangoni pake wewe ni mwenyeji. Na likija gari usilolijua, dereva akakuita mjomba, akakwambia ana haraka, bosi anamsubiri ndani, usifungue. Mwache akasirike. Piga simu kwanza.