Mgombea wa Mara Sita

Maalim Seif Sharif Hamad aligombea urais wa Zanzibar mara sita, kuanzia 1995 hadi 2020, na hakuna hata mara moja Tume ya Uchaguzi ilipomtangaza mshindi. Wako wanaotosheka na hesabu hiyo: mtu kagombea miaka 25, kafa bila kuingia Ikulu, basi kashindwa. Siwaungi mkono. Kazi ya mpinzani katika nchi iliyogawanyika nusu kwa nusu naipima kwa swali jingine: je, aliwaachia wenzake njia ya kuishi pamoja ambayo hawakuwa nayo kabla yake? Kwa kipimo hicho Maalim alipata jambo ambalo marais wengi hawakulipata, na alilipata kwa kufanya lile lililokuwa gumu zaidi kwake.

Ugumu wenyewe hauonekani mpaka mtu akumbuke alikotoka. Alikuwa Waziri Kiongozi tangu 1984, akaondolewa Januari 1988, mwaka huohuo akafukuzwa chama tawala, CCM, kisha akawekwa ndani kuanzia 1989 hadi 1991. Uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi ulipofika, Salmin Amour wa CCM alitangazwa mshindi kwa asilimia 50.2 dhidi ya 49.8 zake, na wafuasi wa chama chake kipya, CUF, hawakuamini kamwe kwamba ndivyo walivyopiga kura. Januari 2001 maandamano ya kupinga matokeo ya mwaka uliotangulia yalizimwa kwa risasi. Zaidi ya watu 30 waliuawa, wengi wao Pemba, na wapatao 2,000 wakavuka bahari hadi Shimoni, Kenya. Muafaka kati ya CCM na CUF ulitiwa saini 1999, mwingine 2001, na yote miwili ilibaki kwa kiasi kikubwa katika makaratasi. Mtu aliyepitia hayo alikuwa na kila haki ya kusema, "Basi, hatuongei tena." Novemba 2009 akaenda kuongea na Amani Karume, rais ambaye CUF ilikuwa ikikataa kumtambua, na wengi waliompenda walikasirika. Lakini Wazanzibari walipoulizwa katika kura ya maoni ya Julai 31, 2010, asilimia 66.4 waliikubali serikali ya umoja wa kitaifa. Miezi mitatu baadaye Ali Mohamed Shein wa CCM alitangazwa mshindi kwa tofauti ya takriban asilimia moja tu, na safari hii hakuna aliyezikwa kwa sababu ya matokeo.

Hoja nzito ya wanaompinga ni kwamba umoja ule uliwafaa watawala: wao walipata utulivu, yeye akapewa cheo cha Makamu wa Kwanza wa Rais, na Oktoba 28, 2015 mwenyekiti wa Tume alipoufuta uchaguzi mzima, cheo hicho hakikumsaidia kitu. Hoja hii ina ukweli unaouma. Maridhiano yaligawa madaraka baada ya kura kuhesabiwa, wala hayakuigusa vya kutosha mikono inayozihesabu. Hapo Maalim alipungukiwa, na waliompigia kura ndio waliolipa. Hata hivyo, miaka iliyofuata inajibu sehemu ya lawama. CUF ilisusia marudio ya Machi 2016, Shein akatangazwa kwa asilimia 91.4, na umoja ukakosa mshirika, maana hakuna chama cha pili kilichofikisha asilimia 10 zinazotakiwa na katiba. Chuki iliyokuwa imeanza kupoa ikarudi. Ndiyo maana sioni usaliti katika uamuzi wake wa Desemba 2020 wa kuapishwa tena kuwa Makamu wa Kwanza, chini ya Rais Hussein Mwinyi, baada ya uchaguzi uliomwaga damu tena Pemba na kumpa yeye asilimia 19.87 tu. Alikwishaona pande zote mbili za kususia.

Lawama ninayoipa uzito zaidi ni nyingine, nayo haisemwi sana. Mgombea mmoja kwa chaguzi sita ni mzigo kwa chama chochote. Mahakama ilipoamua mgogoro wa uongozi ndani ya CUF dhidi ya upande wake Machi 2019 naye akahamia ACT-Wazalendo, ofisi za CUF zilibadilishwa rangi Unguja na Pemba karibu kwa usiku mmoja. Wengi walishangilia nguvu ile. Mimi naiona pia kama hatari, kwa sababu watu waliomfuata mtu hadi chama kingine wangeweza kubaki hawana pa kwenda siku atakapoondoka. Siku hiyo ilikuwa Februari 17, 2021, katika hospitali ya Muhimbili, wiki chache baada ya chama chake kutangaza waziwazi kwamba ana Uviko-19, wakati viongozi wakuu wa nchi wakikana kuwapo kwa ugonjwa huo nchini. Mwezi uliofuata Othman Masoud Othman, wa chama hichohicho, aliapishwa kuwa Makamu wa Kwanza wa Rais. Cheo kilikuwa cha katiba, na kikampata mtu mwingine.