Usalama wa Mtaa Huanzia Mlangoni Pako



Kila mwanadamu hupenda alale usiku bila hofu. Kwa ajili hiyo twatia nondo madirishani, twaongeza makufuli, na wenye uwezo huajiri walinzi. Hayo si mabaya hata kidogo, kwani Mtukufu Mtume Muhammad s.a.w. alimfundisha bedui amfunge ngamia wake kwanza, ndipo amtegemee Mwenyezi Mungu. Lakini yafaa tujiulize: Je, huyo mwizi tunayemwogopa ametoka wapi? Hakushuka mawinguni! Ni mtoto wa mtu, amelelewa katika nyumba fulani, na mali aliyoiiba imenunuliwa na mtu fulani. Basi ulinzi ulio imara huanzia huko.

Tuanze na nyumba. Kijana asiye na kazi arudipo na simu mpya, na mzazi asiulize imepatikanaje, amekwisha kufunzwa somo, ingawa hakuna neno lililotamkwa. Na akileta unga na sukari, na mama akapokea huku akishukuru, somo hilo limetiwa muhuri. Mzazi asidhani kwamba kunyamaza ni huruma. Mtume s.a.w. alipofundisha kumsaidia ndugu hata akiwa dhalimu, masahaba walistaajabu, naye akawaeleza kuwa msaada wenyewe ni kumzuia asidhulumu. Basi anayemwuliza mwanawe swali gumu leo, anamwokoa na aibu ya kesho.

Wa pili ni mnunuzi. Wako watu wasioweza kuthubutu kuvunja nyumba, lakini wakiletewa kitu cha thamani kwa bei ya kutupa, hununua wala hawaulizi. Sheria za Tanzania na Kenya humtia hatiani apokeaye mali huku akijua kwamba imeibwa. Lakini hata kama askari hakuona, Mwenyezi Mungu ameona. Kama pasingekuwa na mnunuzi, mwizi angeiba ili amwuzie nani?

Sasa tutazame mtaa. Kabla ya kupewa utume, Mtukufu Mtume s.a.w. akiwa kijana, mgeni kutoka Yemen aliuza bidhaa zake Makka, na mkubwa mmoja wa mji akakataa kumlipa. Mgeni huyo hakuwa na kabila la kumtetea. Ndipo watu wema wakakutana nyumbani kwa Abdallah bin Jud'an, wakaapa kusimama pamoja na kila aliyedhulumiwa mpaka apate haki yake. Kiapo hicho huitwa Hilful Fudhul, na Mtume s.a.w. alikuwamo. Hata baada ya kupewa utume alisema kwamba akiitwa tena kwa jambo kama lile ataitikia. Naye alilitimiza kwa vitendo: mtu mmoja aliyenyimwa na Abu Jahl bei ya ngamia wake alipomwendea, Mtume s.a.w. alifuatana naye mpaka mlangoni kwa adui huyo mkubwa, akamtaka alipe, naye akalipa.

Tazama, ndugu msomaji! Watu wale hawakuunganishwa na dini, bali na haki. Kwa hiyo Mwislamu asione haya kushirikiana na jirani yake Mkristo au mwenye imani nyingine katika ulinzi wa mtaa. Afrika Mashariki tunazo njia zetu: Tanzania ilijua balozi wa nyumba kumi tangu miaka ya 1960, sungusungu walianza Usukumani na Unyamwezini mwanzoni mwa miaka ya 1980 kupambana na wizi wa ng'ombe, na Kenya iliingiza mpango wa Nyumba Kumi mwaka 2013. Njia hizi hufaa pale watu wanapojuana na kuaminiana.

Lakini ipo mipaka. Kurani Tukufu katika Sura Hujurat yakataza dhana mbaya na kupelelezana. Kumjua jirani si kumchungulia dirishani, wala kila kijana mgeni si mwizi.

Na mpaka ulio mkubwa kuliko yote ni huu: siku utakaposikia ukelele wa "Mwizi!", na watu wakikimbia na mawe na matairi, wewe utafanya nini? Je, yule aliyezingirwa ndiye aliyeiba? Nani amethibitisha? Hata kama ameiba, nani amekupa mamlaka ya kuitoa roho yake? Kurani Tukufu, katika Sura Maida, yahesabu kuua nafsi moja bila haki kuwa sawa na kuwaua watu wote. Wizi wa kuku hauzuiwi kwa uuaji. Unaongezewa dhambi kubwa zaidi. Mkamateni, mlindeni, mpelekeni mbele ya sheria. Na akiwa ni mwana wako, usiende kuhonga ili aachiliwe, kwani Mtume s.a.w. alikataa maombezi yaliyoletwa kwake kwa ajili ya mwizi wa ukoo mtukufu, akasema kwamba hata bintiye Fatima angehukumiwa vivyo hivyo.

Basi leo usiku, kabla ya kufunga komeo, jiulize: Je, ndani ya nyumba hii kimo kitu cha mtu mwingine? Je, jirani yangu amesalimika na mkono wangu na ulimi wangu? Ukiweza kujibu vyema, umekwisha kuanza kuulinda mtaa wako. Mwenyezi Mungu atujalie tuwe amani kwa majirani zetu. Amin.